Ada ya Kujaza Ritani: Utoze Ngapi, Ulipe Ngapi, na Pesa Ipitie Wapi

Kila mwaka Juni ikikaribia kuisha, saiba za Lodwar na Kakuma hujaa. Mwalimu amekuja na P9 yake. Mwanafunzi wa chuo anataka ritani ya nil, yaani ya sufuri. Mwenye duka ana mfuko wa risiti, na mama mwenye vyumba vya kupangisha hajui hata aanzie wapi. Wote wanakimbizana na tarehe moja: 30 Juni. Ukipitisha siku hiyo bila kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Katikati ya foleni hiyo kuna mtu ambaye haongelewi sana: yule anayejaza. Watu humwita "mtu wa KRA" ingawa hajaajiriwa na KRA. Ana kompyuta, ana bando, anaujua mfumo wa iTax, na siku nzima anaulizwa swali moja: "Ni ngapi?" Wengi hujibu kwa kukisia. Jirani anatoza mia, basi na mimi mia. Mteja amevaa vizuri, basi mia tano. Msimu unaisha, amechoka, na akitazama salio la simu haoni faida yoyote.

Makala hii tumeiandikia watu wawili. Wa kwanza ni wewe unayejaza ritani za watu na unataka bei inayokulisha bila kumkamua mteja. Wa pili ni wewe unayelipa na unataka kujua pesa yako inaenda wapi. Nyote wawili mnatumia pesa za simu, na hapo kwenye simu ndipo mambo mengi huharibika.

Kwanza, ada inalipia nini?

Tuanze na jambo ambalo wengine hawapendi kulisema: kuwasilisha ritani kwenye iTax ni bure. KRA haitozi chochote. Ukienda Huduma Centre ya Lodwar, dawati la KRA litakusaidia bila malipo. Mteja akikuuliza kama kuna njia ya bure, mwambie ukweli. Usipomwambia wewe, ataambiwa na jirani, na hapo atakuona mwizi.

Sasa kama ni bure, unatoza nini? Unatoza muda wako, ujuzi wako, kompyuta, intaneti, stima au sola, karatasi, na kumpunguzia mteja safari na foleni. Hivyo vyote ni vitu halali kulipiwa. Ila ukishaelewa kwamba unauza muda na ujuzi, unaelewa pia kwamba bei haiwezi kuwa moja kwa kila mtu. Kazi hutofautiana.

Ritani ya nil ya mwanafunzi asiye na kipato huchukua dakika chache kama anakumbuka nywila yake. Mwalimu mwenye P9 moja huchukua muda zaidi, kwa sababu lazima ulinganishe kila tarakimu: mshahara, pensheni, nafuu ya kila mwezi ya shilingi 2,400, na kodi iliyokatwa. Tangu mchango wa SHIF wa asilimia 2.75 uanze Oktoba 2024, na sheria kubadilishwa Desemba 2024 ili mchango huo na ushuru wa nyumba vitolewe kabla ya kodi kukokotolewa, P9 ya leo haifanani na ile ya miaka mitatu iliyopita. Anayejaza kwa mazoea hukosea hapo.

Halafu kuna kazi inayoonekana rahisi kumbe sivyo. Chukua mtu aliyefanya kazi mbili kwa wakati mmoja kwa miezi minne, tuseme kaunti na shirika fulani. Kila mwajiri alimpa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, na sheria inampa mara moja tu. Hapo pekee kuna shilingi 9,600 ambazo hazikukatwa, na iTax itazidai. Lazima umweleze vizuri, tena mapema, kwa sababu ingawa ritani ni 30 Juni, kodi inayobaki hutakiwa iwe imelipwa kufikia 30 Aprili. Ukichelewa kuna adhabu ya asilimia 5 ya kodi hiyo na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Mazungumzo kama hayo si kazi ya shilingi mia.

Piga hesabu kabla ya kutaja bei

Hii hapa njia tunayoipendekeza. Takwimu zilizo hapa chini ni za mfano tu; weka zako. Tuseme msimu wako ni miezi sita, Januari hadi Juni, na una kibanda kidogo Kakuma au Lodwar.

Kodi ya kibanda: 3,000 kwa mwezi, jumla 18,000.
Intaneti: 3,000 kwa mwezi, jumla 18,000.
Stima au sola: 1,500 kwa mwezi, jumla 9,000.
Karatasi na wino wa printa: 6,000.
Leseni ya biashara ya kaunti: tuseme 6,000 kwa mwaka, nusu yake 3,000.
Kompyuta ya 36,000 itakayodumu miaka mitatu: 12,000 kwa mwaka, nusu yake 6,000.

Jumla ya gharama ni 60,000. Kabla hujafurahi, kuna mfanyakazi mmoja umemsahau: wewe mwenyewe. Ukijilipa 15,000 kwa mwezi, hiyo ni 90,000 kwa miezi sita. Sasa jumla ni 150,000.

Swali linalofuata ni saa. Usidanganyike kwamba unafanya kazi saa kumi kwa siku. Mtandao hupotea, stima hupotea, na kuna watu wanaokuja kuuliza tu na kuondoka. Tuseme saa za kazi yenyewe ni nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 25. Hizo ni saa 500. Gawanya 150,000 kwa 500: unapata shilingi 300 kwa saa, yaani shilingi 5 kwa dakika.

Bado hatujamaliza. Kuna wale wa "nitakutumia jioni" ambao jioni yao haifiki. Ikiwa mmoja kati ya kumi halipi, wale tisa lazima wabebe mzigo wake, na 300 inakuwa kama 333. Weka 350 uwe na nafasi ya kupumua.

Hiyo 350 kwa saa huhitaji kumwambia mteja. Ni siri ya jikoni. Mteja hataki kusikia saa. Anataka bei moja ya kazi moja. Kwa hivyo igeuze hivi:

Ritani ya nil, dakika 20: inatoka 117, toza 150.
P9 moja, dakika 40: inatoka 233, toza 250.
P9 mbili au kazi mbili, saa moja na nusu: inatoka 525, toza 550.
Biashara yenye vitabu, saa tano: inatoka 1,750, toza 1,800.

Kama nywila imesahaulika, au barua pepe iliyo kwenye iTax si ya mteja, hiyo ni kazi nyingine na ina bei yake. Iandike kando. Usiifiche ndani ya bei ya ritani, kisha uanze kunung'unika.

Ukiona bei yako iko juu ya ya jirani, usikimbilie kushusha. Jiulize kwanza kama jirani anajilipa. Mara nyingi hajilipi, na msimu ujao hatakuwepo.

Wateja wa kila mwezi

Kuna kundi ambalo wajazaji wengi huliacha kwa sababu macho yote yako Juni. Mwenye nyumba za kupangisha anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa kodi ya pango ya asilimia 7.5 tangu 1 Januari 2024, na huwasilisha kila mwezi kufikia tarehe 20. Mfanyabiashara aliye kwenye kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, naye tarehe yake ni 20 ya mwezi unaofuata.

Kakuma hakuna uhaba wa biashara. Ripoti ya IFC ya mwaka 2018 ilikadiria soko la Kakuma kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka, likiwa na zaidi ya maduka 2,000. Mteja wa kila mwezi anayekulipa 150 au 200 mara kumi na mbili kwa mwaka ni bora kuliko watano wanaokuja 30 Juni saa tano usiku. Anakupa pesa Septemba na Oktoba, wakati kibanda kinadai kodi na hakuna foleni.

Hapa pia angalia lugha. Kakuma mteja anaweza kuwa Msomali, Msudani Kusini au Mkongo, na kueleza jambo la kodi kupitia kwa mkalimani huongeza dakika. Ziweke kwenye hesabu yako ya saa kwa wateja wote. Usimtoze mtu zaidi kwa sababu ya anakotoka.

Safari ya Kaaleng

Tufike sasa kule ambako bei huwa tata. Kaaleng iko kaskazini, katika wadi ya Kaaleng/Kaikor, Turkana Kaskazini. Kuna walimu, wahudumu wa afya, wafanyakazi wa kaunti, wenye maduka, na vijana waliotoka vyuoni. Wote wana PIN ya KRA na wote wana tarehe ile ile ya 30 Juni. Lakini Lodwar ni safari, na gari halipatikani kila unapolitaka.

Mjazaji akiamua kuwafuata huko, atoze vipi? Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 2,500, chakula na malazi 1,500. Hizo ni 4,000. Ongeza siku mbili za kusafiri ambazo hatajaza chochote: saa nne mara mbili mara 350, ni 2,800. Safari nzima ina gharama ya 6,800 kabla hajafungua kompyuta.

Akipata wateja wanne tu, kila mmoja lazima abebe 1,700. Hakuna mwalimu atakayekubali, na ana haki ya kukataa. Akipata 20, kila mmoja anabeba 340. Akipata 34, ni 200. Kazi ni ile ile na barabara ni ile ile. Kinachobadilika ni idadi ya watu waliopangwa mapema.

Kwa hivyo usiende Kaaleng kutafuta wateja. Wapate kwanza, ndipo uende. Ongea na mwalimu mkuu, na msimamizi wa zahanati, na katibu wa chama cha akina mama. Tuma orodha ya bei ikiwa na sehemu mbili wazi: ada ya kazi, na mchango wa safari. Sema waziwazi kwamba tukifika 20 mchango ni huu, tukizidi unashuka. Watu wenyewe wataanza kuitana. Kila mmoja atume kianzio kidogo, tuseme 100, ili ujue nani anakuja kweli. Na uahidi kwa maandishi kwamba safari isipofanyika, kianzio kinarudi chote.

Mwalimu wa P9 moja atalipa 250 na mchango wa 340, jumla 590. Akienda Lodwar peke yake, nauli tu ni 2,500. Hapo bei yako inajieleza.

Ila mwanafunzi wa nil ni hesabu nyingine. Ukimtoza 150 na 340, inakuwa 490 kwa kazi ya dakika 20, naye hana kipato. Huyo usimsubirishe safari. Mhudumie kwa simu siku mtandao uko sawa: anakupigia, unajaza akiwa kwenye laini, anabadilisha nywila mkimaliza, na risiti ya KRA inaingia kwenye barua pepe yake mwenyewe. Alipe 150 tu. Kumbuka tu kwamba nil ni ya asiye na kipato kweli. Mwalimu mwenye mshahara hawezi kujaziwa nil kwa sababu ni rahisi au ni ya bei ya chini. Hiyo ni taarifa ya uongo, na jina lililo kwenye ritani ni lake, si lako.

Ada tatu za kuepuka

*Asilimia ya pesa ya kurudishiwa.* Kuna wanaosema, "Sitozi kitu, ila KRA ikikurudishia unanipa asilimia 20." Inasikika tamu. Shida ni kwamba mjazaji sasa ana sababu ya kuikuza pesa hiyo, kwa kuongeza nafuu au gharama zisizokuwepo. KRA ikikagua, anayeitwa ni mteja. Na tangu 1 Januari 2024 gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS kwa kawaida hazikubaliwi, kwa hivyo tarakimu za kubuni hazifiki mbali. Toza kazi, usitoze matokeo.

*Bei ya hofu.* "Usiponilipa elfu moja leo, kesho KRA wanakufungia simu." Hakuna kitu kama hicho. Faini ni ile tuliyoitaja, na inajulikana. Anayemtisha mteja leo hatamwona mwakani.

*Bei ya 30 Juni.* Kupandisha bei mara tatu siku ya mwisho kunavutia, kwa sababu foleni ni ndefu na watu wamebanwa. Lakini mtandao wa iTax siku hizo huelemewa, na unaweza kupokea pesa ya watu 40 ukamaliza 25. Wale 15 watapata faini huku wakiwa na ujumbe wa simu unaoonyesha walikulipa. Afadhali ugeuze: anayekuja mapema na P9 yake apunguziwe, tuseme 200 badala ya 250. Foleni itajisambaza yenyewe, na utalala.

Pesa tatu, njia tatu

Hii ndiyo sehemu tunayokuomba wewe mteja usome mara mbili.

Unapojaziwa ritani kunaweza kuwa na pesa za aina tatu. Kuna ada ya mjazaji. Kuna kodi yenyewe, kama inadaiwa. Na kuna faini, kama ulichelewa. Ada ndiyo pekee inayoingia kwenye simu au tili ya mjazaji. Kodi na faini haziingii huko kamwe.

Kodi hulipwa kwa nambari ya malipo, PRN, ambayo iTax hutoa kwenye slipu. Slipu ina kiasi, PIN yako ya KRA na nambari hiyo. Unalipa mwenyewe kwa simu yako kupitia Paybill rasmi iliyoonyeshwa, na PRN ndiyo unayoiweka kama nambari ya akaunti. Kabla ya kukubali malipo, soma jina la anayepokea. Likiwa ni jina la mtu, simama hapo hapo.

"Nitumie zote pamoja, mimi nitakulipia" ni sentensi ambayo imewaumiza watu wengi. Mara nyingine mjazaji hana nia mbaya. Pesa inaingia kwenye simu yake, inakatwa deni alilokuwa nalo, na jioni haipo. Kwa KRA hilo halibadilishi kitu. Deni linabaki kwa jina lako, riba inaendelea, na wewe huna pesa wala risiti.

Na wewe mjazaji, hata mteja akikusihi, kataa. Siku utakaposhindwa kuonyesha pesa ya mtu ilikoenda, jina lako Kaaleng limeisha.

PIN mbili zisichanganywe

Tunasikia hili mara kwa mara. Mjazaji anasema, "Nipe PIN," na mteja, kwa heshima zote, anataja zile tarakimu nne za pesa zake za simu.

PIN ya KRA ni herufi na tarakimu, huanza na A kwa mtu binafsi, na unaweza kuionyesha kama unavyoonyesha kitambulisho. PIN ya simu ni ufunguo wa pesa yako. Hakuna ritani duniani inayoihitaji. Mjazaji mwema husema neno zima: "PIN ya KRA, mama, si ya simu." Na mzee asiyejua kusoma akikupa simu umbonyezee, mwambie aje na mwanawe au mtu anayemwamini. Usiguse.

Vivyo hivyo barua pepe. Kuna tabia ya kuweka barua pepe ya saiba kwenye akaunti za wateja ili mambo yaende haraka. Mwaka ujao mteja amehamia Lokichoggio, saiba imefungwa, na nywila haiwezi kurudishwa. Mfungulie mteja barua pepe yake, mwandikie kwenye karatasi, na hiyo huduma uitoze. Ni pesa halali kabisa. Daftari la nywila za watu lililolala juu ya meza ni hatari kwao, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni mzigo kwako pia.

Kupokea malipo kwa simu bila hasara

Tenga laini ya kazi na ya nyumbani. Tili au laini ya biashara hukuonyesha mwisho wa mwezi umeingiza nini, bila kuchanganya na pesa ya shangazi ya mbuzi.

Amini salio. Ujumbe pekee hautoshi. Mtu anaweza kukuonyesha ujumbe wa malipo uliotengenezwa, au ukatumiwa kutoka nambari ya kawaida. Angalia salio lako au taarifa ya tili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha.

Sema mapema nani anabeba ada ya kutuma. Kwenye kazi ya 150, shilingi chache ni kitu. Iweke kwenye bei, au mwambie mteja aiongeze, lakini msibishane mkiwa mmeshamaliza.

Usitoe pesa kidogo kidogo. Kutoa mia tatu mara tano hugharimu zaidi ya kutoa elfu moja na mia tano mara moja. Bando, stima na karatasi zilipe moja kwa moja kutoka kwenye simu.

Kianzio na baki. Kwa kazi kubwa, nusu kabla, nusu mteja akishaona risiti ya KRA ya kupokelewa kwa ritani. Hakuna baki kabla ya risiti, na hakuna risiti iliyofichwa ili kulazimisha baki. Risiti ni mali ya mteja.

Andika. Tarehe, jina, kazi, kiasi, na nambari ya muamala. Daftari la shilingi hamsini linatosha.

Ada yako nayo ni mapato

Itakuwa aibu mjazaji wa ritani apigwe faini ya ritani. Ada unazokusanya ni kipato chako na unazitangaza kwenye ritani yako ya mwaka, ukitoa gharama zilizo na ushahidi unaokubalika. Usikimbilie kujisajili kwenye ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 kabla ya kuuliza, kwa sababu haihusu ada za kitaalamu. KRA wanapatikana kwa 0711 099 999.

Kuna suala la leseni pia. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka anayefanya kazi ya wakala wa kodi awe amepewa leseni na KRA. Leseni ya biashara ya kaunti si leseni hiyo. Ukitaka kusimama badala ya wateja mbele ya KRA, kujibu barua zao na kupinga makadirio, anza kutafuta leseni hiyo, na hadi uipate usijiite wakala. Ukishaipata, ada yako inaweza kupanda kwa haki, kwa sababu unabeba kitu ambacho wengine hawabebi.

Kwako unayelipa: maswali matano

Kabla hujatuma pesa, uliza:

1. Ada ni ngapi, na inajumuisha nini?
2. Barua pepe iliyo kwenye iTax ni yangu?
3. Je, nadaiwa kodi? Kama nadaiwa, slipu yenye PRN iko wapi?
4. Risiti ya KRA nitaipata leo?
5. Kukiwa na kosa lako, utarekebisha bila kunitoza tena?

Swali la tano ni muhimu kwa pande zote. Mjazaji anayekubali kurekebisha kosa lake bure anastahili kulipwa zaidi kidogo. Lakini kama uliificha P9 ya pili, hilo si kosa lake, na marekebisho ni kazi mpya.

Mwisho, usisubiri Juni. Omba P9 yako kwa mwajiri mwanzoni mwa mwaka, jaribu kuingia iTax kuona kama nywila bado inafanya kazi, na kama uko Kaaleng, jiandikisheni kikundi mapema mumwite mtu mmoja mnayemwamini. Na mjazaji, kabla msimu haujaanza, keti na daftari upige hesabu ya saa zako. Bandika orodha ya bei ukutani mahali kila mtu anaweza kuisoma. Mteja anayejua bei kabla ya kuketi huwa analipa bila ugomvi, na mwaka ujao anarudi na jirani yake.